Picha Mia Tatu kwa Mpigo Mmoja

Kabla Victoire hajafika, mtu akiingia Studio Mbaraka pale Mabanga na kuita "Ingé!", aliyeinua kichwa alikuwa mmoja tu, naye ni Jafari. Diploma ya uhandisi hakuwa nayo, wala chuo hakuwahi kukikanyaga. Lakini Goma ikikuona unaiamrisha mashine kwa kuandika tu, bila kugusa kipanya, inakupa uingénieur wako bure, na kwa kifupi unaitwa Ingé mpaka na muuza maandazi. Jafari alikuwa amelivaa jina hilo kwa miaka mitatu, na lilimkaa vizuri.

Alilipata kwa skripti moja, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta inazifuata yenyewe. Kila mtu anaijua desturi ya harusi zetu: wageni wakiwa bado mezani, picha zao zinachapwa palepale, kwenye chumba cha nyuma cha salle, ukumbi wa sherehe, kisha zinatandazwa chini juu ya turubai karibu na mlango, ili kila anayetoka ajitafute, ajione, acheke, anunue. Chini ya kila picha studio ya Papa Mbaraka huandika majina: fulani na fulani, upande wa mume, fulani na wanawe, upande wa mke. Zamani kazi hiyo ilifanywa picha moja moja, mtu amekunja mgongo, macho mekundu. Jafari alijifundisha peke yake kwenye simu iliyopasuka kioo, akaandika mistari thelathini iliyofanya yote hayo yenyewe: chukua picha, ipunguze, iandikie majina, iweke tayari kwa printa, chukua nyingine. Siku ile Papa Mbaraka alimkumbatia mbele ya wateja.

Skripti hiyo ilikuwa na ila moja, na Jafari hakupenda itajwe. Ilishika picha moja, ikaimaliza, ndipo ikashika ya pili. Harusi ikiwa kubwa, wageni walinyanyuka wakati picha mia za mwisho bado ziko ndani ya mashine. Na mtu akishapanda gari lake, picha yake inabaki karatasi tu. Kila Jumatatu Mama Julienne, mwanamke mnene wa maneno mengi aliyekuwa na kazi ya kutandaza, alirudi na bunda la nyuso zisizopata wenyewe.

"Hawa nao tuwafanyie harusi yao," alikuwa akisema, na Jafari alijifanya hajasikia.

Ndipo akaja Victoire. Alikuwa msichana wa vilima vya Masisi, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na karatasi ya institut, yaani cheti cha chuo, ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya begi. Aliajiriwa kuskani vitambulisho. Miezi miwili aliskani vitambulisho. Halafu Jumanne moja, mchana, watu wakinywa chai, akasema bila kuinua macho:

"Papa, hii mashine iko na mikono munane. Tunatumikisha mumoja."

Papa Mbaraka, mzee wa asili ya Maniema mwenye kofia nyeupe na tumbo la heshima, akaweka kikombe chini. "Mikono gani tena, mwanangu?"

"Ndani yake. Ni kama bamama banamenya viazi vya harusi. Sasa hivi mama mumoja anamenya, saba bamekaa banamwangalia."

"Hao saba nabajua," alidakia Mama Julienne. "Mumoja ni wifi yangu."

Wakacheka. Jafari hakucheka. Alisogea kidogo tu, kiasi cha kuona kioo juu ya bega la Victoire. Aliona mistari yake mwenyewe, ile thelathini, imefunguliwa kama mtu anavyofunguliwa kifua hospitalini. Vidole vya Victoire vikaenda mwisho wa mstari mmoja na kuandika alama moja: &.

"Hii inaambia terminali, hapa tunapoandikia amri: kazi hii ipeleke nyuma, usingoje iishe, nipe nafasi nitume nyingine."

Alichukua picha mia moja za harusi ya zamani, akaongeza mambo fulani hapa na pale, akabonyeza. Kwa skripti ya Jafari picha mia moja zilikuwa na muda wa mtu kwenda sokoni Virunga na kurudi. Kwa ile ya Victoire, chai ya Papa Mbaraka haikupoa.

"Ingé!" alipiga kelele mzee.

"Naam, Papa," Jafari akaitika.

Papa Mbaraka alikuwa anamtazama Victoire.

Hakuna aliyekusudia kumwumiza, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. Angetukanwa, angejibu, ulimi wa kujibu alikuwa nao. Lakini utamjibu nani aliyekusahau? Uso wake ulipata moto, masikio yakamwasha. Victoire alikuwa akiendelea: "Lakini alama peke yake haitoshi, Papa. Kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza..." Jafari akatoka nje. Alisimama uani, juu ya mawe meusi, akiegemea ukuta kama mtu anayengoja simu muhimu. Kutoka ndani alisikia Mama Julienne akicheka, akasikia neno "sufuria", akasikia mzee akisema, "Ah, sasa nimeelewa!" Hakurudi mpaka walipomaliza.

*

Kilichokuwa hatarini hakikuwa jina tu. Papa Mbaraka alikuwa amekodi chumba katika mji wa Rutshuru, kaskazini mwa Goma, kwenye barabara kuu, akakipaka rangi ya buluu na kukitia grili. Tawi la pili la studio. Jafari ni mtu wa Kalengera, kijiji cha barabara hiyohiyo, na mama yake, aliyekuwa akiuza maharagwe hapo, alikwisha kuwaambia wanunuzi wote kwamba mwanawe anarudi kuwa patron, bosi wa studio. Mzee hakuwahi kutamka ahadi. Lakini kila alipotaja Rutshuru alimtazama Jafari, na kwa Jafari macho yale yalikuwa na mhuri.

Alhamisi, akiwa anapanga kazi, mzee alitaja Rutshuru na macho yake yakaenda dirishani.

"Jumamosi tuko na harusi mbili," alisema. "Moja huku karibu na uwanja wa ndege, nyingine kule kando ya ziwa. Jafari ataenda ya ziwa na mashine ya zamani. Victoire ataenda ya uwanja na mpya. Nataka turubai ijae kabla wageni hawajanyanyuka. Nikishaona, nitajua nani abebe funguo za Rutshuru."

"Papa, tawi lile..." alianza Jafari.

"Tutaona, mwanangu. Nimesema tutaona."

Tangu saa ile Jafari hakuona kitu kingine ila Victoire. Aliona kiti chake kimehamishiwa karibu na dirisha. Aliona feni imegeuzwa. Aliona Hemedi, dereva wa studio, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akimletea yeye maandazi mawili, sasa analeta manne na mawili yanaenda upande wa dirisha. Aliyahesabu. Mtu mzima, mwenye ndevu, anahesabu maandazi! Alijichukia kwa hilo, kisha akayahesabu tena Ijumaa.

Ijumaa hiyohiyo Victoire alikuja mezani kwake.

"Kaka Jafari, tukae kidogo nikuonyeshe ile skripti. Mashine yako ya kesho si sawa na yangu, kuna vitu inafaa..."

"Victoire, mimi nilikuwa naandika skripti wewe ukiwa bado unatafuta kitufe cha kuwashia."

Mama Julienne akaacha kupanga karatasi zake, akainua kichwa.

"Dakori, Kaka," alisema Victoire, akarudi kitini pake. Hakununa. Jafari alingoja anune, aone hata bega moja likishuka. Halikushuka.

Basi akajifungia na kazi yake mwenyewe. Siri aliijua, aliiona kwa macho yake juu ya bega la msichana. Ilikuwa alama moja. Alifungua mistari yake thelathini, akaenda mahali pale penye kazi, akaandika & mwishoni. Kwa majaribio alichukua picha zilizokuwa karibu: picha kumi na mbili za pasi za Hemedi, alizopigwa asubuhi ile kwa ajili ya leseni. Hemedi anatazama mbele, Hemedi anatazama mbele, Hemedi amefumba jicho. Chini ya zote jina moja, Hemedi. Akabonyeza. Kabla hajaondoa kidole, terminali ikaandika neno aliloliweka yeye mwenyewe miaka mitatu iliyopita: Tayari.

Akazifungua. Kumi na mbili, safi, kila moja ina uso wa Hemedi na jina la Hemedi. Jafari akacheka peke yake. Ya Victoire ilikuwa na mistari mingine mingi aliyoiona ikipita. Mapambo, alijiambia. Mambo ya shule.

*

Harusi ya ziwa ilikuwa ya watu wenye ukoo mrefu. Mzee Byiringiro, baba wa bwana harusi, alikuwa amejaza upande mmoja wa salle kwa jamaa zake warefu wenye suti za kijivu. Upande wa pili ulikuwa wa bibi harusi, Jolie: shangazi, wajomba, vitenge vya aina moja. Kila hotuba ilijibiwa kwa hotuba. Mpiga picha alipiga mpaka akabadilisha betri mara mbili, na Mama Julienne alipita meza hadi meza akiandika majina. Saa tisa na nusu alasiri kadi za kamera zilifika chumba cha nyuma. Picha mia tatu na sita.

Jafari akakunja mikono ya shati. Akabonyeza.

Tayari, ikasema terminali. Papo hapo!

"Mama Julienne! Tandaza turubai!"

"Umeshamaliza?" Mama Julienne alimtazama kama mtu aliyeona maji yakipanda mlima. "Wageni hawajakata hata keki."

"Nimekuambia tandaza. Leo utarudi nyumbani mikono mitupu."

Printa ikaanza. Lakini mashine nayo ikaanza jambo lake. Feni yake ililia kwa sauti nyembamba iliyopanda, ikapanda, ikakaa hukohuko juu. Mshale wa kipanya ukaganda. Jafari alibonyeza kitufe hiki na kile; kioo hakikutikisika. Kazi mia tatu na sita, zote zimetumwa nyuma kwa mpigo mmoja, zilikuwa zinagombea mikono minne ya mashine ya zamani na kumbukumbu ya kutosha kazi kumi. Yeye aliona Tayari imeandikwa na akaamini. Hakujua kwamba skripti ilisema hivyo kwa sababu ilimaliza kutuma, si kwa sababu kazi zilimalizika.

Karatasi za kwanza zilitoka. Mama Julienne alizibeba bila kuziangalia, kwa sababu alikuwa na haraka, na kwa sababu kwa miaka mitatu hazikuwahi kuhitaji kuangaliwa. Alipanga arobaini hivi. Wageni wa meza za nyuma, wale wa kunyanyuka kwenda kujinyoosha, wakasogea.

Wakainama. Kisha kicheko. Kisha sauti ya mwanamke ambayo haikuwa ya kucheka.

Jafari alipofika mlangoni alimkuta Mzee Byiringiro, fimbo mkononi, ameinamia picha yake mwenyewe. Picha ilikuwa nzuri. Chini yake imeandikwa: Mama wa bibi harusi, upande wa mke.

"Kijana," alisema mzee kwa upole wa kutisha, "mimi nilizaa lini?"

Pembeni yake kulikuwa na picha iliyokatika katikati: juu nyuso tatu, chini kijivu kitupu kama ukuta usiopakwa. Na nyingine kama hiyo. Na kati ya hizo, mikononi mwa mama mmoja mwenye kilemba cha kijani, picha ya mwanamume anayetabasamu na glasi. Maandishi yalisema: Farida na mume wake, upande wa mke.

"Honoré. Farida ni nani?"

"Farida gani, Séraphine? Mimi simjui Farida."

"Humjui na wewe ni bwana yake?"

"Ni makosa ya watu wa picha!"

"Watu wa picha walijuaje jina? Mbona hawakuandika Séraphine? Miaka kumi na nne hawajui Séraphine, ila Farida wanamjua?"

Honoré aligeuka huku na huku, jasho limemtoka, na kila alivyojieleza ndivyo alivyoonekana mwenye hatia. Mama Séraphine hakuwa anasikiliza. Macho yake yalitembea salle nzima, meza kwa meza, yakimtafuta Farida, yakimpata katika kila mwanamke aliyevaa vizuri. Jafari alimtambua. Hakuwa amewahi kumwona mama yule, lakini uso ule aliujua. Alikuwa akikutana nao kwenye kioo cha pikipiki yake tangu Jumanne.

Alikusanya picha zote kwa mikono miwili, akarudi chumba cha nyuma karibu kwa kukimbia. Mama Julienne akamfuata na kufunga mlango.

"Ni nini hii, Jafari?"

"Ni njia ya Victoire." Ilimtoka yenyewe, tamu na chungu. "Si hii mikono yake munane? Angalia matokeo."

"Njia ya Victoire?" Mama Julienne aliweka mikono kiunoni. "Papa amenipigia simu sasa hivi. Banasema kule turubai imejaa mpaka bamekosa pa kukanyaga. Kama ni njia yake, mbona kwake imefika?"

Jafari alizima mashine kwa kuibonyeza mpaka ikafa, akaiwasha, na wakati inaamka alifanya hesabu ya haraka kichwani. Skripti ya zamani, moja baada ya moja, picha mia tatu na sita: mpaka imalize, hata waosha vyombo watakuwa wamekwenda. Keki ilikuwa inaingia, alisikia vigelegele. Ilibaki nusu saa hivi wageni wanyanyuke. Chumba cha buluu kule Rutshuru kilikuwa kinafunga grili yake polepole, na nyuma ya grili alikuwa amesimama mtu mwembamba mwenye sauti ndogo.

Alitoka kwa mlango wa nyuma. Aliitazama simu kama mtu anavyoitazama dawa chungu. Kisha akapiga.

"Kaka Jafari!" Nyuma ya sauti yake muziki ulikuwa unapiga kwa furaha. "Iko namna gani huko?"

"Sema yale mambo matatu."

"Yapi?"

"Yale ya Jumanne."

"Yale ulitoka nje?"

"Yale nilitoka nje, ndiyo. Sema, Victoire."

"Ngoja nisogee, kuna kelele." Alisikia mlango. "Mashine yako iko na mikono mingapi?"

"Minne."

"Na wewe ulituma ngapi?"

"Zote."

Jafari alikaza meno akingoja kicheko. Hakikuja. Ni pumzi tu iliyovutwa upande wa pili, na angependa zaidi acheke.

"Basi tuma nne. Weka wait, isimame mpaka hizo nne ziishe. Ndipo nne nyingine. Hilo ni la kwanza. La pili: ukishapunguza picha, kabla ya kuandika majina, unaiweka wapi?"

"Kwenye file ya muda."

"Inaitwaje?"

"Muda."

"Zote?"

Hapo ndipo alipoona. Miaka mitatu file ile ilikuwa na mgeni mmoja kwa wakati mmoja. Ikaingia picha, ikaandikwa majina, ikatoka. Leo mia tatu na sita waliingia mlango mmoja kwa pamoja. Kazi ya Farida iliweka picha ya Farida, kabla haijaandika jina kazi ya Honoré ikaweka picha yake juu, na jina la Farida likamwangukia Honoré. Na Hemedi! Kumi na mbili za Hemedi, zimechanganyika hivyohivyo, lakini nani angejua? Hemedi juu ya Hemedi.

"Kila kazi iwe na sufuria yake," Victoire alikuwa akisema. "Tumia nambari ya picha katika jina. Na la tatu, mwishoni kabisa, kabla ya ile Tayari, wait moja tena, maana za mwisho zinaweza kuwa hazijaisha. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Inatosha. Fanya haraka, Kaka."

Akafanya. Vidole vilijua njia. Alibonyeza, na safari hii Tayari haikutokea. Kioo kilikaa kimya, feni ikaunguruma kwa kiasi, na picha zikaanza kutoka nne, nne, nne, kama watu wanaotoka msikitini kwa adabu. Jafari aliangalia kila karatasi ya kwanza ya kila nne kabla ya kumpa Mama Julienne. Mzee Byiringiro, baba wa bwana harusi. Farida na mume wake, na mume mwenyewe alikuwa mfupi mwenye kipara. Honoré, upande wa mume.

Hiyo ya Honoré na ile ya Farida alizipeleka mwenyewe.

"Mama Séraphine, Farida ndiye huyu na bwana yake ndiye huyu. Mzee wako hana kosa. Mashine nayo haina kosa. Nilikosea mimi."

Mama Séraphine alizitazama picha mbili muda mrefu. "Na huyu Farida," aliuliza hatimaye, "amekaa meza gani?"

Wageni walipoanza kunyanyuka, turubai ilikuwa imejaa, imebaki kona moja tu.

*

Papa Mbaraka alifika akiwa na Victoire na Hemedi kwenye gari, kofia imekaa upande kwa furaha. Alisimama mlangoni, akatazama watu walioinama wakijitafuta, mashangazi wakivutana picha, Mzee Byiringiro akinunua yake na kicheko.

"Ingé!" alisema, na safari hii macho yalikuwa juu ya Jafari. "Na mashine ya zamani! Mikono minne tu! Nilijua. Huyu mwingine ametumia mashine nzima mpya, wewe umefanya yaleyale na ile kuukuu. Rutshuru ni yako, mwanangu. Nani akatae?"

Mama Julienne aliinama kupanga picha ambayo ilikuwa imekwisha kupangwa. Victoire alikuwa anatazama ziwa.

Jafari alisikia neno lile, Rutshuru, likiingia mwilini kama maji baridi. Kilichobaki ni kusema "Asante, Papa." Hakuna ambaye angemwumbua. Alimtazama Victoire, na akajua kwa hakika kwamba hangesema. Leo hangesema, wala mwaka kesho. Angemwacha aende Kalengera, ashangiliwe na mama yake na wanunuzi wote wa maharagwe, na yeye angebaki hapa Goma, karibu na dirisha, ananyamaza kwa wema. Kila picha itakayotoka Rutshuru itatoka kwa maneno yake, naye atanyamaza.

Watu walisema baadaye kwamba Jafari ni mkweli. Haukuwa ukweli uliomfungua mdomo. Alishindwa kabisa kuuvumilia ule ukimya.

"Nilimpigia Victoire," alisema. "Ya kwangu iliharibika. Nilichapa Muzee Byiringiro kama mama wa bibi harusi. Hii unayoiona ni yake, alinisomea kwenye simu."

Papa Mbaraka alimtazama, akamtazama Victoire, akarudi kwake. Furaha haikuondoka usoni, ilihama tu.

"Basi," alisema taratibu, "funguo ni za aliyepigiwa. Rutshuru mtu atakuwa peke yake, Jafari. Inafaa awe yule anayejua."

"Aksanti, Papa," alisema Victoire mara moja. Hakukataa, hakujifanya mnyonge, hakusema apewe Kaka Jafari. Aliutaka na yeye ufunguo ule, tangu siku ya kwanza. Mtu angeweza kuliona hilo katika jinsi alivyofunga kiganja. Jafari alimchukia na, kwa namna asiyoipenda, akapumua kwa nafuu.

*

Jumatatu asubuhi Hemedi aliondoka na Victoire, mashine mpya imefungwa nyuma kwa kamba. Watapita Kalengera saa nne hivi, alihesabu Jafari. Mama atasimama na ndoo zake za maharagwe, ataona gari la studio na jina ubavuni, atapunga mkono. Gari halitapunguza mwendo.

Studio ilikuwa tupu. Kiti cha dirishani kilikuwa tupu. Jafari hakukikalia. Alikaa kwenye chake, akawasha mashine ya zamani, akafungua skripti ya Victoire, ambayo mwenyewe aliiacha pale kwa matumizi ya wote. Alikuwa hajaisoma hata mara moja. Sasa aliisoma kama polisi wa barabarani anavyozunguka gari: taa, tairi, vioo, lazima kuna kitu.

Alisoma mara ya kwanza, hakupata. Ilikuwa nadhifu, na unadhifu ule ulimkera kila mstari. Alisoma mara ya pili. Mama Julienne alipita na chai, akaiweka karibu yake, akaenda zake. Alisoma mara ya tatu, na kwenye mstari wa thelathini na tisa akasimama.

Ilikuwa ni wait yake ya mwisho. Ilingoja kazi zote ziishe, ndiyo. Lakini kuisha ni jambo moja na kufaulu ni jingine. Picha ikiwa mbovu, kazi yake inakufa njiani, na wait ile haiulizi nani amefaulu na nani amekufa. Inahesabu kwamba wote wamenyamaza, basi, Tayari. Kila kazi inayotumwa nyuma terminali huipa nambari. Nambari zile zingetunzwa, kila moja ingengojwa kwa jina lake na kuulizwa: wewe, umefika salama?

Alifungua folda ya Jumamosi, harusi ya uwanja wa ndege, iliyonakiliwa huku kabla mashine mpya haijaondoka. Zilizoingia: mia nne na kumi na mbili. Zilizotoka: mia nne na tisa.

Picha tatu, kila moja ya mtu mmoja. Watu watatu. Kwenye turubai ile iliyojaa mpaka wakakosa pa kukanyaga, kulikuwa na watu watatu walioinama, wakajitafuta, wakajitafuta tena, wakaenda nyumbani bila kujiona. Na hakuna aliyejua, wala Papa, wala Victoire.

Jafari akavuta simu. Alitafuta maneno ya dharau, akapata mengi, mengine mazuri sana. Akayafuta yote, akaandika: "Mstari wako wa thelathini na tisa una kosa. Watu watatu wamepotea."

Jibu lilikuja upesi kuliko alivyotaka, kutoka mahali fulani barabarani.

"Siyo kweli."

Halafu jingine: "Nionyeshe."

Jafari alisogeza chai karibu, akanyoosha vidole mpaka vikalia, na kwa raha aliyokuwa hajaipata wiki nzima, akaanza kumwandikia, mstari kwa mstari, bila kuacha hata mmoja.